Hedhi Imekoma, Moyo na Chumbani Je?

Wadogo zangu wa Gitega na Muyinga, leo tufunge mlango tuongee ya kikubwa. Tulipokuwa tunaolewa, shangazi alitukalisha chini akatufunda namna ya kuishi na mume. Ya miaka 50 na kuendelea hakutuambia, maana naye hakuambiwa.

Ukimaliza miezi 12 mfululizo bila hedhi, umekoma hedhi. Homoni ya estrojeni imeshuka sana, na ndiyo iliyokuwa ikisaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri, lehemu isipande ovyo, na uke uwe na majimaji. Ndiyo maana presha na ukavu hupenda kubisha hodi wakati mmoja.

Ukavu ndio unaowaliza wengi. Kwetu Maziwa Makuu kunyaza, yaani kumsisimua mwanamke kwa nje hadi atoe maji, si jambo geni, na maji ya mwanamke ni sifa yake. Anayekauka huona aibu, akahamia chumbani kwa mjukuu. Mume naye anadhani amechukiwa. Shoga yangu, mapenzi hayajafa, ngozi ya huko imekuwa nyembamba tu. Mwambie mwenzio waziwazi. Mchezeane taratibu, na mnunue jeli ya kulainisha kwenye duka la dawa. Kunyaza kwenyewe hakulazimishi kuingiliana, basi siku inayouma mnaweza kufurahi hivyo hivyo. Sabuni na mitishamba ya kuweka ndani achana nayo, inazidisha michubuko. Maumivu yakiendelea, muulize daktari kuhusu krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Na ukiona damu baada ya kukoma, hata tone, nenda hospitali upesi, kwani huenda ni saratani.

Sasa moyo. Tangu 2006, Burundi inatoa bure huduma ya kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5. Ni jambo jema sana. Lakini mama akishamaliza kuzaa, njia ya kituo cha afya anaisahau, na ndipo presha inapopanda kimya kimya. Nenda upimwe hata kama huumwi. Kaa dakika 5 umetulia, mkono juu ya meza, usiongee. Ikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, unahitaji daktari. Ukipewa vidonge kisha hamu ya mapenzi ikapungua, usiviache, rudi umwambie akubadilishie. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye vidonge vya mchuzi.

Wapo wenye ugonjwa wa moyo wanaoogopa tendo la ndoa. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuhema sana, kwa kawaida moyo wako unaliweza, ila thibitisha kwa daktari. Mume anayetumia dawa ya nitrati ya moyo asiguse kamwe vidonge vya kuongeza nguvu za kiume, presha yake itaanguka ghafla. Na shambulio la moyo kwa mwanamke huweza kuja kama uchovu wa ajabu, kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo. Usiseme ni tumbo ukalala.

Wiki hii nenda kapime presha, na baba watoto mchukue mwende pamoja.