Kutafuta Shoti katika Kibao cha Sakiti

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba mkondo wa umeme hutoka katika ncha chanya ya betri, hupita katika waya na balbu, kisha hurudi katika ncha hasi. Njia hiyo nzima huitwa sakiti. Balbu huupinga mkondo. Upinzani huo huitwa ukinzani. Je, itakuwaje nyaya mbili zikigusana kabla ya kufika kwenye balbu? Mkondo utafuata njia fupi yenye ukinzani mdogo. Balbu itazimika na nyaya zitapata moto. Kosa hilo mafundi huliita shoti, nasi tutatumia jina hilo.

Tuseme fundi mmoja wa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, ameletewa kompyuta ya aina ya IBM PC. Kompyuta hizo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1981. Fundi anapoiwasha, pangaboi lake linatikisika kidogo, kisha linasimama. Kisanduku kinachogawa umeme kimetambua kwamba mkondo ni mkubwa mno, nacho kimejizima. Hiyo ni dalili ya shoti.

Fyuzi hufanya kazi kama hiyo kwa kuyeyuka na kukata mkondo. Wako watu ambao fyuzi ikikatika hufunga waya mnene au msumari mahali pake. Usifanye hivyo kamwe! Shoti itabaki palepale, na sasa zitakazoungua ni nyaya za ukutani, na pengine nyumba nzima.

Ndani ya kompyuta hiyo kuna kibao chenye njia nyembamba za shaba na vifaa vingi vilivyolehemiwa. Ni kipi kibovu? Fundi akibandua kila kifaa kwa joto la chuma cha kulehemu, njia za shaba zitang'oka, na kibao cha namna hiyo hakitengenezwi tena. Yampasa atafute kwa akili. Nawe waweza kujifunza namna yake.

Jaribio

Tafuta ubao, betri mbili za tochi, balbu ya tochi, nyaya za shaba, uzi wa pamba na karatasi. Tandaza nyaya mbili ndefu zisizo na ganda juu ya ubao, sambamba, zisigusane. Ziunganishe kwa matawi 8. Matawi 7 yawe ya uzi mkavu, na moja liwe la waya wa shaba. Mwenzako ayazungushie yote karatasi katikati na kuyapa namba, nawe usitazame.

Sasa unganisha betri, balbu na nyaya mbili za kupimia, mfululizo. Gusisha waya mmoja wa kupimia kwenye kila waya mrefu. Balbu itawaka, kwa kuwa mkondo unapita katika tawi la shaba. (Balbu pia huilinda betri isitoe mkondo mwingi kupita kiasi.)

Waweza kufungua matawi moja moja, lakini huenda ukafungua yote 8. Iko njia bora. Fungua matawi 1 hadi 4 kwa pamoja. Balbu ikiendelea kuwaka, kosa limo katika 5 hadi 8. Fungua 5 na 6. Ikizimika, kosa ni moja kati ya hayo mawili. Rudisha la 5: balbu ikiwaka, umelipata, isipowaka, ni la 6. Umepima mara tatu tu.

Tumia betri za tochi peke yake. Umeme wa nyumbani una volti 230, nao huua.

Turudi kwa fundi wetu. Anachomoa waya wa umeme, kisha anachomoa kadi zote zilizochomekwa kwenye kibao. Anawasha, kama kompyuta bado inajizima, shoti imo katika kibao chenyewe. Anachomoa tena waya wa umeme na kuchukua mita ya kupimia ukinzani. Kwa kuwa njia ndefu ya shaba ina ukinzani kuliko njia fupi, namba hupungua kidogo kidogo kadiri anavyoikaribia shoti. Kwa kazi hii mita sharti iwe nyepesi kutambua tofauti ndogo sana.

Katika kompyuta za miaka ile, mara nyingi mkosaji ni kapasita ya tantalamu, kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji, chenye umbo kama tone la maji. Tantalamu ni metali ipatikanayo katika koltani, madini ambayo siku hizi huchimbwa Kivu, mashariki ya Kongo. Ndani ya kapasita mna tabaka jembamba sana la kihami. Likitoboka, kapasita hupitisha mkondo kama waya. Fundi huinua mguu mmoja tu wa kapasita anayoishuku na kupima tena. Ukinzani ukipanda, hana haja ya kugusa kifaa kingine.

Maswali

1. Kwa nini nyaya hupata moto wakati wa shoti?
2. Ubao wenye matawi 16 utahitaji kupimwa mara ngapi kwa njia ya kugawa nusu?
3. Uzi wa jaribio ukilowa maji ya chumvi, balbu itakuwaje? Jaribu, kisha eleza.
4. Kwa nini fundi huinua mguu mmoja tu wa kapasita?