Kupanda Majimbi Mbali na Mto

Wengi hudhani ya kuwa majimbi, yaitwayo nduma huko bara, hayawezi kumea ila kando ya mto. Kweli mmea huu hupenda maji. Lakini kulima ukingoni hulegeza udongo, na mvua kubwa huuchukua pamoja na majimbi yenyewe.

Yafaa kuchimba mtaro penye nyumba, upana futi 3 na kina futi 2, na kuutandika plastiki chini na kandoni ili maji yasipotee. Kisha hutiwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, usifike juu kabisa, maji yapate nafasi ya kutuama. Ua lake la manjano huonekana kwa nadra, wala mkulima hangojei mbegu: hupanda machipukizi yaliyong'olewa kando ya mmea mkubwa, yakiachana futi 2. Udongo usiachwe kukauka, maana viazi vyake hudumaa. Maji yaliyooshewa mboga yatafaa sana.

Huvunwa baada ya miezi 6 hata 12. Majimbi mabichi yana chembe kali zenye ncha, ziwashazo ulimi na koo; hayana budi kuchemshwa mpaka yaive kabisa, hasa yakiwa chakula cha watoto.