Ufunguo Haubahatishwi

Kijitabu cha elimu kwa wafanyabiashara, mafundi simu na wateja wa Kariakoo wanaotunza sarafu mtandao

Programu inayotafuta hela za watu

Telegram na YouTube zimejaa programu zinazodai kutafuta pochi za Bitcoin zilizotelekezwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo anakutana nazo kwenye simu ileile anayoagizia mzigo Guangzhou. Ukiwasha programu mojawapo, kioo kinakuwa cheusi na maandishi ya kijani yanapita mbio: anwani, salio sifuri, anwani, salio sifuri. Baada ya dakika chache mstari mmoja unang'aa na salio nono linasomeka. Hapo programu inasimama na kudai ulipie leseni ndipo utoe hizo hela. Malipo ni kwa sarafu mtandao ya USDT.

Maandishi hayo ni maigizo. Aliyeiandika programu angeweza kuweka salio lolote alitakalo, na kama kweli angekuwa na mashine ya kufungua pochi za watu asingehangaika kukuuzia leseni. Lakini kusema "huo ni utapeli" hakumtoshi mtu wa Kariakoo, ambaye ameshaona kufuli nyingi zikifunguka. Simu iliyofungwa na mtandao wa nje inaingia kwa fundi mtaa wa Aggrey, na chai haijapoa inatoka inapokea laini yoyote. Kwa nini basi pochi isifunguke? Jibu lipo kwenye hesabu, na ni hesabu ambayo mtu anayepiga faida ya kontena kichwani haiwezi kumshinda.

Namba tupu

Ufunguo wa siri wa pochi ya Bitcoin ni namba. Pochi inapoundwa, simu inachagua namba moja bila mpangilio wowote, inaipitisha kwenye hesabu inayokwenda mbele tu, na mwisho inatoa anwani, yaani yale maandishi marefu unayompa mtu akutumie. Kutoka kwenye namba hadi kwenye anwani ni kufumba na kufumbua. Kurudi kutoka kwenye anwani hadi kwenye namba, hakuna njia inayojulikana ambayo kompyuta za leo zinaimudu. Anayetaka kubahatisha hana ujanja ila kujaribu namba mojamoja, na namba zilizopo ni pungufu kidogo ya hii:

115,792,089,237,316,195,423,570,985,008,687,907,853,269,984,665,640,564,039,457,584,007,913,129,639,936

Sasa fikiria namba ya siri ya huduma ya pesa kwa simu. Ina tarakimu nne, kwa hiyo namba zote zinazowezekana ni 10,000. Mtu mwenye subira angezimaliza ndani ya siku chache. Asichoweza ni kupata nafasi ya kuzijaribu: ukikosea mara kadhaa huduma inafungwa, na nyuma yake kuna kampuni yenye kumbukumbu za miamala na watu wa kupokea malalamiko. Ni ulinzi wa frem: kufuli lenyewe la kawaida, ila mlinzi yupo nje.

Pochi ya sarafu mtandao haina mlinzi. Hakuna anayeifunga baada ya makosa matatu, hakuna wa kumpigia simu. Mtu yeyote, popote alipo, anaweza kujaribu mara nyingi apendavyo, usiku na mchana, na wewe hutapata hata ujumbe. Kazi yote ya ulinzi imeachiwa ukubwa wa namba. Ndiyo maana tangu Bitcoin ilipoanza kufanya kazi Januari 2009, ikiwa imebuniwa na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, ufunguo wake umekuwa na ukubwa huo usiosomeka kwa pumzi moja.

Wewe mwenyewe mara nyingi huioni namba hiyo. Pochi nyingi zinakupa maneno 12 au 24 badala yake, yakitoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2,048. Kuna orodha rasmi za Kiingereza, Kijapani, Kihispania, Kifaransa na lugha nyingine chache. Kiswahili bado hakimo, kwa hiyo wengi wetu tunaandika ya Kiingereza. Andika herufi kwa herufi na ufuate mpangilio uleule. Mpangilio ukivurugika, ufunguo nao umebadilika.

Waliojaribu kweli

Mwaka 2015 mtu asiyejulikana aligawa Bitcoin kwenye anwani 256 kama shindano la wazi. Ufunguo wa anwani ya kwanza ni mdogo kabisa, wa pili umefichwa kwenye eneo kubwa mara mbili, wa tatu mara mbili tena, hivyo hivyo mpaka wa 256, ambao ni ufunguo wa ukubwa kamili. Washindani wameleta kadi za michoro zenye nguvu kutoka kila pembe. Ule wa 64 ulipatikana Septemba 2022. Ule wa 66 ulipatikana Septemba 2024, miaka zaidi ya tisa tangu shindano lianze. (Baadhi ya namba za mbele zilipatikana kwa njia ya mkato, kwa kuwa taarifa za ziada juu yake ziliwekwa hadharani. Pochi ambayo haijawahi kutuma kitu haitoi taarifa hizo.) Kutoka 66 hadi 256 kazi inaongezeka mara mbili, kisha mara mbili tena, mara 190 mfululizo.

Kisa cha pili kinaeleweka zaidi kwa mwenye maneno 12. Mwaka 2020 mtu aitwaye Alistair Milne alitangaza zawadi ya Bitcoin moja iliyofungwa kwa maneno 12, akawa anayaanika kidogokidogo mtandaoni. Yalipofika manane, mtaalamu wa programu John Cantrell aliona manne yaliyobaki anaweza kuyabahatisha. Alikodi kadi nyingi za michoro na kupima mafungu zaidi ya trilioni moja kwa muda wa saa 30 hivi, akaipata.

Huo ni ushindi wa kweli, na tusiufiche. Maneno manne yanabahatishika. Sasa mwondolee Cantrell yale manane aliyopewa, mwachie mashine zilezile na kasi ileile. Saa zake 30 zinageuka miaka ambayo idadi yake ina tarakimu 25.

Hapo mjanja mmoja atasema: mimi sitafuti pochi ya mtu fulani, natafuta yoyote yenye hela. Ni hoja nzuri na inastahili jibu. Tuseme kila mmoja wa binadamu bilioni 8 ana pochi ya maneno 12 yenye pesa. Kwa kasi ya Cantrell ungehitaji, kwa wastani, zaidi ya miaka trilioni 130 kabla ya kugonga hata moja. Ulimwengu wote, nyota na kila kitu, una miaka bilioni 13.8. Ukipata mitambo milioni moja kama ule aliokodi, unabaki na miaka milioni 130, na bili ya umeme hatujaigusa.

Tukiutaja umeme: Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Fizikia imeweka kiwango cha chini cha nishati ambacho kompyuta haiwezi kushuka chini yake kila inapofuta alama moja. Chukua mashine kamilifu isiyopoteza chochote zaidi ya kiwango hicho katika joto la kawaida la chumba, uipe umeme wote wa bwawa, nchi nzima ikae gizani. Kuhesabu tu mpaka kufikia ile namba ndefu ya juu, bila kukagua hata pochi moja, kungechukua miaka yenye tarakimu 40. Kompyuta za kwantamu zinazotajwatajwa zingepita njia nyingine kabisa, na yenye uwezo wa kufanya hivyo bado haijatengenezwa.

Namba inapokuwa ndogo

Hesabu yote hii inasimama juu ya sharti moja: namba iwe imechaguliwa kipofu. Binadamu hawezi kuchagua kipofu, na programu mbovu nayo haiwezi.

Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya Independent Security Evaluators ya Marekani walijaribu funguo dhaifu kwenye mtandao wa Ethereum, zikiwemo namba ndogo kama moja. Walikuta funguo 732 ambazo watu walikuwa wamezitumia, na hela za baadhi yake zilikwisha kukombwa na mwizi aliyewatangulia. Walipoweka kiasi kidogo kwenye mojawapo, kikachukuliwa papo hapo. Mashine ya mwizi ilikuwa macho.

Kisa cha Julai 2023 kinatisha zaidi kwa sababu waathirika walifuata utaratibu. Walitumia programu iitwayo Libbitcoin Explorer kuunda pochi, wakapata maneno marefu, wengine 24. Ila ndani yake programu ilikuwa inaanzia kwenye mbegu zisizozidi bilioni 4.3. Kwa kasi ya Cantrell, mbegu zote hizo zinaisha kwa dakika kama saba.

Kwa hiyo usijitungie maneno. Jina la mama, Simba na mwaka iliotwaa ubingwa, aya ya kitabu kitakatifu, mashairi uliyokariri shuleni: vyote hivyo vipo kwenye orodha za wezi au vinaweza kuwekwa leo jioni. Acha pochi yenyewe ichague, na iwe pochi inayojulikana, iliyopakuliwa kutoka duka rasmi la programu. Faili la kurushiwa na rafiki wa rafiki liache.

Wezi wanapitia wapi

Mwizi anayejua hesabu habahatishi. Anakuomba, au anakuta umeacha wazi.

Njia ya kwanza ni picha. Watu wengi wakiunda pochi wanapiga picha ya kioo ili wasisahau. Picha inakaa kwenye albamu, inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na simu ikiharibika chaji inaachwa kwa fundi pamoja na loki yake kwa sababu "anataka kuijaribu". Hatusemi mafundi ni wezi. Tunasema fundi mwaminifu naye ana msaidizi, na msaidizi ana rafiki. Februari 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza juu ya programu hasidi iliyoipa jina SparkCat. Ilikuwa imejificha ndani ya programu za kawaida, hata kwenye maduka rasmi ya Google na Apple, ikisoma picha za simuni na kuchambua zenye maneno ya pochi. Andika maneno kwenye karatasi na uitunze mbali na dukani. Na usiyagawe mafungumafungu ukidhani umeongeza usalama. Cantrell amekuonyesha nini kinatokea kwa mwenye manane.

Njia ya pili inawanasa wenye tamaa kidogo, yaani karibu sote. Chini ya video fulani mtu anaandika, kama mgeni asiyejua kitu: "Wakubwa, nina USDT kwenye pochi yangu na maneno yangu ni haya 12, nitazihamishaje?" Unayaingiza, na kweli USDT zipo, unaziona. Ila zipo kwenye mtandao wa Tron, unaodai ada kwa sarafu yake, TRX, na pochi hiyo haina. Unatuma TRX zako kidogo. Ama zinafyonzwa kabla hujabonyeza chochote, ama unagundua pochi imewekewa sharti la saini ya pili ambayo huna. USDT zinabaki palepale, zikimsubiri mwingine. Ni mtego mzuri kwa sababu aliyeibiwa haoni aibu ya kuibiwa tu. Anaona aibu ya kusimulia alichokuwa anakifanya.

Njia ya tatu ni simu kutoka kwa "huduma kwa wateja". Pochi ya maneno 12 haina huduma kwa wateja inayohitaji maneno yako. Akiyataja tu, kata.

Ukihisi maneno yako yameonekana, kubadilisha nywila ya programu hakusaidii, maana maneno yanafungua pochi kwenye simu nyingine yoyote. Unda pochi mpya yenye maneno mapya, uhamishe salio lote siku hiyohiyo. Na ukiyapoteza kabisa, hesabu ile iliyokuwa inakulinda inakugeukia na wewe. Huko Wales, James Howells anajua diski yake yenye ufunguo wa maelfu ya Bitcoin ilikwenda dampo mwaka 2013. Kwa miaka mingi amepigania ruhusa ya kufukua takataka, kwa kuwa kufukua dampo zima ni kazi nyepesi kuliko kubahatisha. Anayekuambia atakurudishia pochi kwa malipo ya awali huku huna hata neno moja anataka hayo malipo ya awali.

Sheria na mahali pa kwenda

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma kwamba sarafu mtandao hazitambuliki nchini kama fedha halali. Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, lakini kutozwa kodi hakukugeuza sarafu hizo kuwa shilingi, na hakuna benki itakayokufidia zikiibwa. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama programu uliyotumia uliinunua.

Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa SMS, utume kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ukiibiwa, nenda Kituo cha Polisi Msimbazi au kituo kilicho karibu nawe, ukiwa na simu yenyewe, anwani ya pochi hela zilikokwenda, namba ya muamala na mazungumzo yote bila kufuta. Karatasi yenye maneno 12 iache nyumbani, polisi haihitaji.