CBD, maumivu ya mgongo na ufuta wetu wa Ngarambe

Wiki hii mkulima mmoja wa Ngarambe, anayelima ufuta ekari sita, alinipigia simu. "Afisa, mafuta ya CBD yanauzwa kichupa kidogo kwa bei ya madebe mawili ya ufuta. Wanasema yanatibu mgongo na magoti. Kwa nini na sisi tusilime?" Nikamwambia nitajibu hapa, maana wanaouliza ni wengi, ila wengine wanauliza kimya kimya.

Tuanze na dawa yenyewe. CBD, yaani kanabidioli, ni kimojawapo cha viini vya mmea wa bangi. Hakilevyi, kinacholevya ni kiini kingine, THC. Kwenye maabara, panya waliovimba viungo walipopewa CBD uvimbe ulipungua, ndiyo maana watu wakapata matumaini. Lakini binadamu si panya. Kule Denmaki, wagonjwa wenye maumivu ya viungo vya mikono walipewa miligramu 20 hadi 30 kwa siku kwa wiki 12. Matokeo yalitoka mwaka 2022: nafuu yao haikupishana na ya wale waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa ndani.

CBD ilipothibitika kweli ni kwenye kifafa kikali cha watoto. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iitwayo Epidiolex kwa ajili hiyo. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na ini la mgonjwa hupimwa, kwa sababu inaweza kulidhuru. Pia hugongana na dawa nyingine, zikiwemo za kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo mzee wako anayemeza dawa kila siku usimletee kichupa cha mtandaoni.

Sasa shamba. Ni kweli Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017, na Malawi ikapitisha sheria mwaka 2020. Hapa kwetu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 imekataza kulima bangi, na kifungo kinaweza kufika miaka 30. Ukisema "yangu ni ya dawa" hujajiokoa. Halafu kuna jambo vijana wengi hawalijui: mwenye ardhi anayeruhusu kwa kujua shamba lake litumike kwa zao hilo naye ana kosa. Akija mtu na pesa taslimu anataka kukodi ekari mbili kule mbali, karibu na msitu, muulize analima nini, na mwandikiane mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Ngarambe, jamani, si wageni wa dawa yenye ahadi kubwa. Kinjikitile alitolea maji yake hapa hapa, na Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga kule Mohoro. Yake ilikuwa vita ya haki na siifananishi na biashara ya vichupa, ila wazee wakisikia neno "dawa" hutikisa kichwa kwanza.

Kuna kitu kilichonifurahisha nilipokuwa nafuatilia habari hii. Ile Epidiolex, mafuta yanayobeba CBD ndani ya chupa ni mafuta ya ufuta. Zao unalolalamikia bei yake kila msimu! Sikwambii kwamba kiwanda hicho kitanunua Rufiji. Nakwambia kwamba wanaotengeneza dawa na chakula wanataka ufuta safi, na hapo ndipo tunapoangukia. Mbegu ya Lindi 202 ya TARI Naliendele hutoa punje nyeupe, na soko linazipenda. Panda kwa mistari, sentimita 50 kati ya mstari na mstari, kisha punguzia miche mapema. Vitumba vya chini vikianza kuwa njano, kata. Ukisubiri vikauke vyote vinapasuka na mbegu zinabaki ardhini. Funga matita, yasimamishe wima, na upigie juu ya turubai, kamwe si chini kwenye udongo. Mchanga ukiingia, mzigo unashushwa daraja ghalani AMCOS na mnaumia wote, hata yule aliyepepeta vizuri.

Na mgongo? Hilo nalo ni swali la shamba. Jembe la mpini mfupi linakukunja siku nzima. Weka mpini unaokufikia vizuri ukiwa umesimama. Palilia asubuhi, badilishana kazi na mwenzako kila saa. Vidonge vya maumivu vya dukani usivimeze wiki nzima mfululizo, vinachoma tumbo na kuharibu figo, hasa ukiwa umekaa juani bila maji. Maumivu yakizidi wiki chache, au mguu ukianza kufa ganzi, nenda zahanati. Mimi nitapita Ngarambe kabla ya kupanda, na nitakuja na jembe la mpini mrefu mlijaribu.