Kumwacha Huru si Kumtupa

Katika nchi za kaskazini, kama Uingereza na Kanada, majira ya baridi yakaribiapo panya wadogo wa mashambani huingia katika nyumba za watu. Baadhi ya wenye nyumba, kwa kuwa hawapendi kuua, hutega kisanduku chenye mlango ujifungao wenyewe. Asubuhi humkuta mnyama yu hai, humpeleka mbali, humfungulia thelujini, kisha hurudi wakiwa wameridhika na huruma yao. Je, huo ni wema kweli?

Tufikiri kidogo. Panya wa namna hiyo ana uzito wa gramu 20 hivi. Mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mwili mkubwa. Kwa hiyo humbidi ale mara nyingi na kulala katika tundu kavu. Akitupwa mahali asipopajua, hana tundu wala akiba, wala hajui pa kujificha bundi asimwone. Aliyemfungulia hakumwua kwa mkono wake, lakini ameiachia baridi kazi hiyo.

Katika England na Wales, sheria ya mwaka 2006 ya kulinda wanyama yakataza kumtesa pasipo lazima mnyama mwenye uti wa mgongo aliye chini ya mamlaka ya mtu, hata kwa muda tu. Maana yake, mlango wa mtego ukishajifunga, mtegaji amekuwa mlinzi.

Basi yampasa afanye nini? Kwanza, azibe matundu ya nyumba, hata yale membamba kama penseli, kwani hayo yamtosha panya kupita. Asipoyaziba, kutega kwake hakutakuwa na mwisho.

Pili, atie ndani ya mtego chakula na nyasi kavu, na kuutazama mara kwa mara, asubuhi na jioni na kabla ya kulala. Mnyama aliyesahauliwa mtegoni hufa kwa baridi na njaa.

Tatu, asimshike kwa mkono mtupu. Panya huuma, tena huko Marekani na Kanada wako panya wachukuao virusi vya hanta, ambavyo mtu huweza kuvipata kwa kuvuta vumbi la mavi na mkojo wao.

Nne, amfungulie karibu na hapo alipomnasa, wakati wa jioni, chini ya rundo la kuni au ndani ya banda, na kumwachia konzi ya nafaka. Kukiwa na dhoruba ya theluji, amtunze katika sanduku lenye malalo, chakula na maji mpaka hali ya hewa itulie.

Wazee husema, «Tenda wema nenda zako.» Ni kweli, tusingoje shukrani. Lakini kabla ya kwenda zetu, tuhakikishe kwamba tulilotenda ni wema, wala si kuondoa tu mbele ya macho yetu kitu kilichotuudhi.