Hisa za Marekani Ukiwa Kitale: Mafunzo Niliyopata

Wengi wa rika langu huku magharibi tulijua hisa kupitia Mumias, kampuni ya sukari iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001. Mwisho wake unajulikana: mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa. Kwa hiyo sishangai nikiona mwalimu wa Bungoma ananunua Apple au Coca-Cola kwa simu huku akingoja matatu pale Kanduyi. Mimi kazi yangu ni kuwawekea watu vitabu vya hesabu, ofisi iko Kitale, na wateja wengine wako Bungoma. Walipoanza kuniletea makaratasi ya dola, nilitambua kwamba kununua hisa yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Kinachoamua utabaki na nini ni makaratasi.

1. Sanduku la posta si nyumbani kwako

Huku kwetu mtu huandika S.L.P., 30200 Kitale, na barua inamfikia. Wakala wa hisa wa kigeni hataki hiyo. Fomu ya Marekani inayoitwa W-8BEN, ambayo kila mwekezaji asiye raia wala mkazi wa huko hutakiwa kujaza, inasema wazi kwamba anwani ya makazi isiwe sanduku la posta. Anayeishi Milimani atataja barabara. Wa Kiminini au Chwele je, ambaye boma lake hujulikana kwa shule ya msingi iliyo karibu na posho mill ya jirani?

Bili ya stima ingesaidia, lakini mwenye kununua tokeni hana bili, na mara nyingi mita ina jina la mwenye nyumba. Kilichowafaa wateja wangu ni barua ya benki yenye mhuri, inayotaja kijiji, lokesheni na kaunti ndogo, pamoja na taarifa ya akaunti ya hivi karibuni. Kabla ya hapo, hakikisha majina yanafanana. Kitambulisho kina majina matatu, benki ina mawili, na cheti cha PIN cha KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kina herufi iliyokosewa: wakala aliye New York atakurudishia maombi bila maelezo, nawe utadhani mtandao ndio mbovu.

2. Asilimia 30 haina mjadala

Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Afrika Kusini wanao, Misri wanao, Moroko na Tunisia pia. Sisi, Uganda na Tanzania hatuna. Maana yake, kila mgao wa faida unaolipwa na kampuni ya Marekani hukatwa asilimia 30 kabla haujakufikia. Mwaka 2025 Coca-Cola ililipa senti 51 za dola kwa kila hisa kila robo ya mwaka. Mwenye hisa 100 alistahili dola 51, zikakatwa 15.30, akapata 35.70. Hakuna wa kumlilia.

Wapo wanaouliza: kama kodi haipungui, fomu ya nini? Ni ya kuthibitisha kwamba wewe ni mgeni. Mgeni asiyekaa Marekani siku 183 au zaidi katika mwaka hatozwi na Marekani kodi ya faida anapouza hisa zake. Usipokuwa na fomu halali, wakala anaweza kulazimika kukukata asilimia 24, tena ya pesa zote za mauzo, hata kama umeuza kwa hasara. Pale fomu inapouliza kuhusu mkataba, Mkenya aache wazi. Kijana mmoja hapa mjini alikuwa ameandika asilimia 15 kwa sababu aliona video ya mtu wa Johannesburg akijaza hivyo. Fomu hiyo hutiwa saini kwa kiapo, na kuandika uongo ni kosa.

Msimamo wangu ni huu: Mkenya anayefukuzia mgao wa Marekani anamlimia mwingine. Afadhali kampuni inayobakiza faida yake ndani ikue. Berkshire Hathaway haijalipa mgao tangu mwaka 1967, na wenye hisa zake hawajalala njaa.

3. KRA nayo ina swali lake

Sheria yetu ya kodi ya mapato hulenga mapato yaliyopatikana Kenya au yanayotokana na Kenya. Ile kodi ya faida ya mtaji iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023 inahusu mali iliyo nchini, kama ploti yako ya Webuye. Lakini mtu anayenunua na kuuza kila siku, kuanzia saa kumi na nusu jioni soko la New York linapofunguliwa hadi saa tano usiku (miezi ya baridi kwao husogea saa moja mbele), asishangae akiambiwa hiyo ni biashara anayoiendesha akiwa Kitale. Muulize mshauri wa kodi kabla ya siku ya mwisho ya ritani, tarehe 30 Juni. Na ile karatasi ya 1042-S ambayo wakala hutoa kila mwaka kuonyesha kodi iliyokatwa, iweke kwenye faili.

4. Dola hupanda, dola hushuka

Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Watu walikimbilia dola kana kwamba shilingi inazikwa kesho. Kufikia mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa kama 129. Aliyebadilisha shilingi 160,000 akapata dola 1,000, hata kama hisa yake haikusogea kokote, alikuwa na 129,000. Karibu moja ya tano imeyeyuka, na kampuni aliyonunua haina hatia. Pesa ya mahindi yaliyouzwa Desemba ikiwa ina kazi ya mbolea na karo ya Januari, isivuke bahari.

5. Jina lililo kwenye akaunti ndilo la mwenye mali

Kuna wazee hutuma pesa kwa mtoto aliye Texas ili awanunulie hisa kwa akaunti yake. Inaonekana rahisi. Lakini akaunti hiyo ni ya mtoto: mgao huingia kwenye kodi yake, madeni yake yanaweza kuifikia, na akitalikiana na mkewe, mzee wa Kimilili hana karatasi hata moja ya kuonyesha mahakama ya huko.

Kinyume chake kipo pia. Ukirudi nyumbani kabisa, mjulishe wakala. Wapo watakaoifunga akaunti au kukuruhusu kuuza tu. Na kama bado una kadi ya kijani, Marekani inakuhesabu mkazi wake wa kodi hata ukilala Bungoma mwaka mzima, hadi uirudishe kwa taratibu zao.

6. Marekani inarithi kabla ya watoto wako

Hili ndilo wateja wangu hawakuwahi kulisikia hata mara moja. Kenya iliacha kutoza kodi ya mirathi miaka ya themanini, kwa hiyo hatuna mazoea nayo. Marekani wanayo. Mgeni akifa akiwa na hisa za kampuni za Marekani zinazozidi thamani ya dola 60,000, kinachozidi hutozwa kodi inayoweza kufika asilimia 40. Raia wao husamehewa mamilioni ya dola. Sisi 60,000 tu. Kwa mfano, hisa za dola 100,000 bila punguzo lolote zitadaiwa dola 10,800. Haijalishi ulinunua kupitia wakala wa Nairobi au wa London. Kinachotazamwa ni kampuni imesajiliwa wapi.

Kisha kuna kalenda. Ripoti ya kodi hiyo hutakiwa ndani ya miezi tisa tangu kifo. Huku kwetu familia huanza na barua ya chifu, ndipo iende mahakamani Kitale au Bungoma, tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na wangoje siku 30 za pingamizi. Wakipewa usimamizi, kwa kawaida hungoja miezi sita zaidi kabla ya kuthibitishwa. Mashemeji wakigombana, miezi tisa imekwisha. Wakala naye anaweza kuzuia hisa zote mpaka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, itoe cheti cha kuruhusu zihamishwe.

Mama mmoja wa upande wa Chwele alinijia na simu ya marehemu mumewe. Ilikuwa inafunguka kwa alama ya kidole. Kwenye kioo tulisoma ujumbe kwamba mgao umeingia. Kuingia ndani hatukuweza. Hatukujua ni hisa ngapi, wala namba ya akaunti. Kilichotusaidia ni taarifa moja ya zamani aliyokuwa ameichapisha akaichomeka ndani ya bahasha ya hatimiliki ya shamba.

Mwenye kiasi kikubwa aulize kuhusu mifuko ya hisa iliyosajiliwa Ireland na kuuzwa London. Ndani yake mna kampuni zilezile za Marekani, lakini mfuko wenyewe si mali ya Marekani kwa hesabu za kodi ya mirathi, na mgao unaoingia humo hukatwa asilimia 15 badala ya 30. Programu nyingi za simu hazina mifuko hiyo. Itabidi utafute wakala mkubwa zaidi, na ada zake uzisome.

7. Fomu ina mwisho

W-8BEN hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioitia saini. Ya Februari 2023 inakwisha tarehe 31 Desemba 2026. Ya 2024 inakwisha 31 Desemba 2027. Ukihama Kitale kwenda nchi nyingine kabla ya hapo, unatakiwa kuwaarifu ndani ya siku 30. Fungua akaunti yako leo uangalie tarehe, kisha uandike jina la wakala na namba ya akaunti kwenye karatasi na umwambie mwenzako nyumbani karatasi iko wapi.