Kabla Hujanunua Pikapu ya Zamani: Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Kilimanjaro

Siku za soko, Mwika hadi Kiboriloni, bado utaziona Land Rover 109 na Hilux za miaka ya 80 na 90 zikiwa zimesheheni ndizi. Umri wa gari si kosa. Kosa ni kulikagua bondeni wakati kazi yake iko mlimani.

Nichukue Land Rover au Hilux?

Land Rover 109 Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ni gari rahisi kwa fundi kulifungua na kulifunga, na mambo ya umeme ni machache. Ila injini yake ya dizeli ya lita 2.25 huchoka upesi mlimani ikiwa na mzigo. Hilux za 1988 hadi 1997 zenye injini ya 2L (lita 2.4) au 3L (lita 2.8) zina nguvu zaidi, na spea zake hazisumbui kupatikana. Kwa biashara ya kila siku, ushauri wangu ni Hilux ya 3L. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Hudumu kilomita 100,000 hivi, na ukikatika injini inaweza kuharibika vibaya.

Bodi ya Land Rover ni safi kabisa. Hiyo si dalili nzuri?

Bodi ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama chuma. Chasisi ni ya chuma, tena ina uwazi ndani ambako matope ya masika hukaa na kuila taratibu. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo, gonga kote, hasa sehemu ya nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito. Rangi mpya chini ya gari ikutie shaka. Uliza pia gari liliishi wapi: hewa ya chumvi ya Dar es Salaam au Tanga huharakisha kutu.

Injini niikague vipi?

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini ikiwa ya baridi, fungua rejeta: mafuta yakielea juu ya maji, au oili ikiwa na rangi ya maziwa, gasketi imeungua au silinda hedi imepasuka. Kisha iwashe. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Mweusi unaelekeza kwenye nozeli, pampu au kichujio cha hewa kilichoziba. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto ni dalili ya maji kuingia kwenye silinda.

Mjini haichemshi, ila nikipanda Marangu inachemsha. Tatizo ni nini?

Kutoka Moshi hadi Lango la Marangu, mita 1,879 juu ya usawa wa bahari, unapanda takribani mita 1,000. Huko juu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachobana shinikizo ili yasichemke mapema, kwa hiyo anza nacho, kwani bei yake ni ndogo. Kisha safisha rejeta, kagua feni na pampu ya maji. Usikubali fundi ang'oe thamostati: hilo huficha ugonjwa, na asubuhi za baridi injini huchelewa kupata joto na kuchakaa upesi. Kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto.

Nikishuka, breki zinalegea. Nifanyeje?

Zimepata joto kupita kiasi. Shuka kwa gia ileile uliyopandia, na usiweke gia huru. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Kagua kama magurudumu yana dalili za kuvuja kwa ndani.

Na karatasi?

Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi ya gari. Angalia madeni ya faini za barabarani, andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi, kisha badilisha umiliki TRA mapema.

Tanguliza chasisi, fuatisha injini na breki, rangi iwe ya mwisho. Na kabla ya kutoa hata shilingi, panda nayo mlimani ikiwa na mzigo, kisha ushuke nayo. Muuzaji akikataa jaribio hilo, tafuta pikapu nyingine.